Fildi Bungeni Dodoma: maswali mnayoniuliza kila mwaka, na majibu yangu

Kila ikikaribia mwezi wa sita simu yangu inajaa meseji, dada shikamoo mi niko UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwaka wa pili, dada mdogo wangu yuko Chuo cha Mipango anataka fildi (mafunzo kwa vitendo) Bungeni, dada eti ni kweli mnakaa na mawaziri. Maswali ni yaleyale kila mwaka na mimi napenda kuyajibu, ila usiku hautoshi, kwaiyo nimekaa nikayaandika hapa. Mimi nilianza kama wa fildi, nikarudi baadae kama mtarajali, yaani intern aliyemaliza chuo, na mpaka leo mkate wangu unatokana na karatasi zinazoingia na kutoka Bungeni. Naandika kwa ajili ya mtu ambae hajawahi kufanya kazi ofisi yoyote ile, kama we tayari unajua dispachi (kusambaza barua na karatasi za ofisi) ni nini basi ruka ruka.

Barua ya kuomba naipeleka kwa nani? Spika?

Hapana, kwa Katibu wa Bunge. Katibu ndo mtendaji mkuu wa Ofisi ya Bunge, Spika anaongoza vikao na ni kiongozi wa mhimili (mihimili ya dola ni Serikali, Bunge na Mahakama) lakini barua za kiofisi zinaandikwa kwa Katibu. Ambatanisha barua ya utambulisho ya chuo, weka namba ya simu inayopatikana, na utaje tarehe za fildi yenu mana kuna watu wanaandika "naomba nafasi" halafu hawasemi lini.

Afu kuna kosa moja naliona sana. Watu wanapeleka barua Ofisi ya Waziri Mkuu kwa sababu wameona imeandikwa Sera, Bunge na Uratibu, wakadhani ndo penyewe. Ile ni Serikali. Waziri Mkuu ni kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni, kwaiyo ofisi yake lazima iwe na watu wa kuratibu mambo ya Bunge, lakini Ofisi ya Bunge ni mhimili mwingine kabisa. Mtu akikosea hapo siku ya kwanza mbele ya msimamizi anaonekana hajasoma hata kidogo, na Katiba ya 1977 iko wazi, ibara ya 63 inasema Bunge ndo chombo cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Usiende fildi hujaisoma hiyo ibara, ni fupi tu.

Nitaingia ukumbini?

Utaingia kama mgeni, juu kule kwenye jukwaa la wageni, siku ukipangiwa. Chini kwenye viti vya wabunge hapana. Ukumbi unaouona kwenye TV umeanza kutumika mwaka 2006, kabla yake vikao vilikuwa kwenye ule unaoitwa sasa Ukumbi wa Pius Msekwa, ambao saivi unatumika kwa semina na mikutano. Ukikaa juu usiangalie anaechangia peke yake, angalia pale mbele ya Spika, wale waliokaa mezani ni Makatibu Mezani, ndo wanaojua kanuni kifungu kwa kifungu na ndo wanaomnong'oneza Spika jambo likiwa gumu. Angalia na mpambe wa Bunge anavyoingia na siwa, lile rungu la heshima la Bunge, wote wanasimama, na siwa ikiwa mahali pake ujue Bunge limekaa rasmi. Mimi mara ya kwanza nilikaa juu pale masaa mawili sikumuangalia mbunge hata mmoja, macho yangu yote yalikuwa kwa yule mama mezani anavyogeuza kurasa, mchangiaji hajamaliza sentensi yeye keshafungua ukurasa unaohusika. Pale pale nikajua kazi ninayoitaka.

Fildi yetu ni Julai mpaka Septemba, si Bunge litakuwa limefungwa?

Hili linawaumiza wengi na naelewa. Kawaida Bunge lina mikutano minne kwa mwaka, mmoja unaanza mwishoni mwa Januari, ule mrefu wa bajeti unaanza Aprili unaisha mwishoni mwa Juni kwa sababu mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, halafu unakuja wa Agosti au Septemba, na wa Novemba. Mwaka wa uchaguzi ratiba inabadilika kwaiyo usiikariri. Sasa wa fildi wengi mnakuja wakati wabunge wamerudi majimboni, korido ziko kimya.

Msikate tamaa. Kwanza, kabla ya kila mkutano kamati za Bunge zinakaa, yaani vikundi vya wabunge vinavyochambua mambo ya wizara, na ukitaka maoni yangu ya dhati kamati ndo jiko lenyewe. Ukumbini unasikia chakula kimeiva, kwenye kamati unaona kinavyopikwa, mbunge anamuuliza katibu mkuu wa wizara maswali karatasi kwa karatasi, namba kwa namba. PAC (kamati ya hesabu za Serikali) na LAAC (ya hesabu za serikali za mitaa) wanapochambua ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, pale hakuna makofi wala hotuba, kuna mtu ameshika kalamu anauliza hii hela ilienda wapi na stakabadhi iko wapi. Pili, kipindi cha kimya ndo wakubwa wana muda wa kukufundisha. Wakati wa bajeti msimamizi wako anatembea kwa kukimbia, hata salamu anaitikia akiwa ameshapita.

Kuna maneno sielewi kabisa, nifanyeje?

Nunua kijidaftari. Kila neno usilolijua liandike, jioni uliza. Nakuanzishia machache.

Orodha ya Shughuli ni karatasi ya siku, inaonyesha kitakachofanyika mwanzo mpaka mwisho, isome kila asubuhi kabla hujanywa chai. Hansard, au Taarifa Rasmi, ni kila kilichosemwa ukumbini, neno kwa neno, ipo kwenye tovuti ya Bunge, na mwanafunzi anaesoma Hansard za wiki moja tu kabla ya kuanza fildi anakuja ameshawazidi wenzie mbali sana. Randama ni kitabu cha wizara kinachofafanua bajeti yake kinapelekwa kwenye kamati. Jedwali la marekebisho ni pale mbunge au Serikali inataka kubadili kifungu cha muswada (sheria inayopendekezwa), inaonyesha futa hiki weka hiki.

Wengi mnachanganya mwongozo, taarifa na utaratibu. Mbunge akisimama "kuhusu utaratibu" anasema mwenzie anavunja kanuni sasa hivi. Akiomba "mwongozo wa Spika" anauliza jambo fulani linaruhusiwa au haliruhusiwi. "Taarifa" ni kumpa habari anaeongea, ndo mana Spika anamgeukia anaeongea anamuuliza unaipokea taarifa, na yeye anaweza kusema siipokei.

Na kushika shilingi, hili kila mtu analiuliza. Hakuna sarafu inayoshikwa. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi kupitia mafungu ya bajeti ya wizara, mbunge ambae hajaridhika na maelezo ya waziri anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye kifungu cha mshahara wa waziri. Shilingi moja tu, lakini inamlazimisha waziri asimame ajieleze upya, wabunge wengine wanachangia, na mwisho mwenye shilingi anairudisha kama ameridhika au inaamuliwa kwa kura. Mi naona ni kitu kizuri sana, mtu wa jimbo la mbali huko anapata namna ya kumsimamisha waziri kwa ajili ya barabara moja.

Nimepewa fotokopi na kupanga faili tu, nahisi nimedharauliwa

Hapa nisikilize vizuri mdogo wangu, na samahani nitaandika mengi.

Wiki yangu ya pili kabisa kwenye ofisi niliyoanzia nilipewa barua ya mkono, wino wa bluu, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Ilikuwa imetoka kijijini inaomba mheshimiwa mbunge aulizie Bungeni kisima cha maji. Kazi yangu ilikuwa kuichapa na kutoa muhtasari wa mistari mitatu ili swali liandaliwe. Nikachapa vizuri, nikaandika jina la kijiji, wilaya nikaiacha. Sikuiacha kwa makusudi, nilijua tu kwamba inajulikana. Sasa nchi hii majina yanajirudia jamani, Majengo ipo Dodoma, ipo Singida, ipo Moshi, Chang'ombe ipo hapa na ipo Temeke, na vijiji ndo usiseme. Taarifa zikaanza kukusanywa za kijiji kingine chenye jina lilelile, mkoa mwingine kabisa, ambako kisima kilishachimbwa na kinatoa maji. Kwenye rasimu ikaonekana tatizo limeshaisha.

Aliegundua ni msimamizi wangu, baba mmoja mtu wa makamo, anasoma kila kitu kwa rula, anaiweka chini ya mstari anashuka nayo. Akafika pale akasimama. Akaniuliza hiki kijiji cha wapi. Nikataja nilikokuwa nadhani. Akasema unadhani au unajua. Halafu hakunifokea, akaniambia kwenye barua kuna namba ya mtendaji wa kijiji, piga.

Nikapiga. Simu ikapokelewa na upepo unavuma nyuma, mtendaji akaeleza taratibu kabisa kwamba kisima kiliharibika pampu, kwamba akina mama wanaamka saa kumi usiku wanaenda korongoni kufukua mchanga, wanasubiri maji yajikusanye, ndoo moja inaweza kuchukua muda mrefu sana, afu akaniuliza, kwaiyo binti barua yetu imefika? Nikamwambia imefika. Nilikuwa nimeshika ile karatasi yangu iliyochapwa vizuri kabisa ambayo ilikuwa karibu iseme wana maji.

Tulirekebisha, wilaya ikaandikwa, kata ikaandikwa, na swali likaenda kama inavyotakiwa. Ukiona Naibu Waziri anasimama saa tatu na nusu asubuhi anajibu kwa dakika mbili, afu mbunge anasema nakushukuru nina maswali mawili madogo ya nyongeza, ujue nyuma yake kuna mtu alieichapa ile barua. Kwaiyo unapotoa fotokopi hesabu kurasa, angalia ukurasa wa saba haujaruka, angalia hii ni rasimu ya mwisho au ya juzi, andika kwenye kitabu cha dispachi umempa nani saa ngapi na akusainie. Saivi wabunge wanatumia vishikwambi (tablet), karatasi zimepungua sana, ila kosa la jina la kijiji linaingia kwenye kishikwambi vilevile.

Nikikosea niseme au nirekebishe kimya kimya?

Sema. Hapohapo. Karatasi ikishatoka mezani kwako inagawiwa kwa watu wengi, ukirekebisha nakala yako kimya kimya unakuwa na ukweli mezani na kosa liko nje linatembea.

Nivae nini?

Wavulana shati la mikono, suruali ya kitambaa, tai beba hata kama huivai, koti ukiwa nalo. Wasichana gauni au sketi inayovuka magoti, isiyobana, mabega yafunikwe. Msichukulie poa, Juni 2021 mbunge kabisa aliamriwa atoke ukumbini kwa sababu ya suruali aliyovaa, na wewe ni wa fildi. Mambo hayo yalizua mjadala mkubwa na kila mtu ana mtazamo wake, mimi nasema tu ukiwa mgeni vaa usirudishwe getini. Nguo mbili tatu za kupokezana zinatosha, mtumba wa Sabasaba kuna sketi nzuri sana za ofisini ukiwahi asubuhi. Viatu viwe vya kufunga, vumbi la Dodoma halina huruma, tembea na kitambaa.

Wabunge na wakubwa wengine nawaitaje?

Mbunge ni Mheshimiwa, hata kama ni kijana mwenzio mliyekuwa nae chuo. Mkikutana koridoni mpishe, msalimie, endelea na safari. Mzee mpe shikamoo, "shikamoo Mheshimiwa" haina shida. Askari getini ni afande, na umsalimie kila siku kwa sababu yeye ndo anakuona wa kwanza na anakagua kitambulisho chako kila siku hata kama amekuzoea, usinune, ndo kazi yake. Dada wa usafi na mzee wa masijala, pale barua na faili zinapotunzwa, usiwapite kama meza. Mzee wa masijala hasa. Mimi nilifundishwa namba za kumbukumbu za barua na mzee wa masijala na si mtu mwingine yeyote, alikuwa anajua faili liko wapi kwa kuangalia rangi ya jalada ilivyopauka, na alinifundisha kuandika dokezo, yale maelezo mafupi ya ndani ya faili, mpaka mkono ukazoea.

Naweza kupiga picha nikaweka status?

Nje kwenye bustani ukiwa umeruhusiwa sawa. Ndani ya ofisi, mezani, kwenye kamati, hapana. Hata kama karatasi inaonekana nyuma kwa mbali, watu wanakuza picha. Kuna Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge na kuna kamati ya maadili inayoshughulikia hayo mambo, sio ya kutishia watoto, ipo na inafanya kazi. Taarifa ya kamati ikitoka nje kabla haijawasilishwa mezani ukumbini ni kosa, na ikitoka wataangalia nani aliishika. Hata kwenye grupu la WhatsApp la darasa, usiandike "leo kamati yetu wamemkaanga bwana fulani".

Mbunge wa kwetu yuko pale, nimuombe kazi?

Subiri kwanza. Najua nyumbani wanakusukuma, mama anapiga simu anauliza umeshaongea na mheshimiwa. Lakini ukianza kumvizia mbunge koridoni na bahasha ya vyeti wiki ya kwanza, ofisi nzima inajua na unapoteza heshima yako na ya chuo chako. Fanya kazi yako. Ukitaka kuonana na mbunge wako kama mwananchi una haki hiyo, pitia kwa katibu wake, panga siku, nenda nje ya saa za kazi.

Na ajira za kudumu serikalini zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye mfumo wao kama wengine. Fildi inakupa uzoefu na mtu wa kukusemea vizuri, haikupi kiti.

Mi sisomi sheria, nitafiti?

Utafiti. Kuna watu wa lugha wanahitajika kwenye Taarifa Rasmi, wahasibu, watu wa tehama, wakutubi, watu wa uchumi kwa ajili ya bajeti, watu wa habari. Na Kiswahili chako kinolewe, tangu 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi, kwaiyo anaejua kutofautisha "anaweza" na "atapaswa" kwenye kifungu anahitajika kuliko zamani.

Dodoma napajua kwa jina tu, nikae wapi, nile nini?

Tafuta geto mapema, kabla ya Aprili kama unakuja kipindi cha bajeti, mana Bunge likianza gesti zinajaa na bei za vyumba zinapanda mji mzima. Bunge liko barabara ya kwenda Dar, kwaiyo Area D, Area C, Ilazo, Kisasa ni karibu lakini bei juu, Nkuhungu na Chang'ombe nafuu ila hesabu nauli. Wengi wanachanga watu wawili watatu chumba kimoja, sio aibu. Kutoka Dar siku hizi ni treni ya umeme, tangu 2024, unafika hujachoka.

Baridi ya Juni na Julai asubuhi inashangaza watu wa pwani, beba sweta. Agosti upepo na vumbi, midomo inapasuka, mafuta mfukoni. Mchana mama lishe wapo, ubwabwa maharage unajaza, na ukikaa Dodoma ukaondoka hujala ugali wa uwele na mlenda hujafika. Zabibu nunua kwa wale wanaouza kwenye ndoo, sio za kwenye gari ukiwa unaondoka. Jumamosi mkiwa na chochote nendeni mnadani Msalato mkale nyama, mtapumua.

Posho usiitegemee. Njoo na bajeti ya nauli na chakula ya muda wote, ukipata chochote huko ni ziada.

Siku ya mwisho nifanye nini?

Anza wiki mbili kabla. Logibuku, kile kitabu cha kumbukumbu za fildi, isainiwe kila wiki, usisubiri mwisho, mana msimamizi anaweza kuondoka na kamati kwenda kukagua miradi mikoani na ukabaki unamsubiri na chuo kinadai. Andika karatasi moja ya makabidhiano, kazi gani ulikuwa nayo, faili liko wapi, nani anasubiri jibu la nini. Rudisha kitambulisho, sainisha kwamba umerudisha. Pita masijala umuage mzee. Na kama kuna barua ya kijijini uliishika wewe na haijajibiwa bado, mwambie anaekuja baada yako, mpe jina la kijiji, kata na wilaya.